Hofu ya saa nane usiku: nani alikuwa zamu Kilosa na Mikumi?

Ukifika Kilosa au Mikumi mchana ukauliza zahanati iko wapi, mtoto wa darasa la pili atakupeleka. Swali gumu ni la usiku. Mtu ameshtuka usingizini saa nane, moyo unamwenda mbio, pumzi haiingii, vidole vimekufa ganzi, na ana uhakika kabisa kwamba anakufa. Nusu saa inapita, hali inatulia kidogo, kisha inarudi tena. Anapelekwa kwa nani?

Majibu utakayopewa ni matatu. Mmoja atasema presha imepanda, apelekwe hospitali. Wa pili atasema hiyo si ya hospitali, aitwe mganga, au shehe, au mchungaji. Wa tatu atasema mpeni maji alale, kesho aende zahanati ikifunguliwa. Kila jibu lina historia yake. Makala hii inafuatilia yametoka wapi, na inajaribu kueleza kwa nini kwa zaidi ya miaka mia moja tumejifunza kumhudumia mwenye homa, tukajifunza pia kumfungia aliyeitwa kichaa, lakini huyu wa katikati, mwenye akili timamu ambaye usiku anakufa kwa hofu na asubuhi yuko mzima, hajawahi kupangiwa zamu yake.

Kama unasoma hapa kwa sababu wewe au mtu wako yuko kwenye hali hiyo sasa hivi, achana na historia kwanza. Shuka moja kwa moja mpaka sehemu ya mwisho.

Tuanze na mwili

Hali hii kitaalamu tunaweza kuiita shambulio la hofu. Ubongo una kengele yake ya hatari, na sehemu yake mojawapo muhimu ni amigdala, vifundo viwili vidogo vyenye umbo la lozi, kimoja kila upande. Kengele ikilia, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio ili misuli ipate damu, pumzi zinaongezeka, jasho linatoka, tumbo linavurugika. Mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon alieleza mwitikio huu kwenye kitabu chake cha mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Ukikutana na nyati pembeni ya barabara ya Mikumi utashukuru kuwa nao. Kwenye shambulio la hofu kengele inalia vilevile, ila nyati hayupo.

Sasa angalia pumzi. Ukihema haraka huku umekaa, unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoizalisha. Asidi ya damu inapungua kidogo, mishipa ya ubongo inabana, kichwa kinakuwa chepesi. Kalsiamu iliyo huru kwenye damu nayo inashuka, ndiyo maana midomo na vidole vinaingia ganzi, na wakati mwingine vidole vinajikunja vyenyewe. Yaani mtu anahisi hewa haimtoshi, kumbe oksijeni ipo tele. Iliyopungua ni ile hewa tuliyofundishwa shuleni kwamba ni taka.

Kwa kawaida shambulio linafika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha linaanza kushuka. Mbona basi wengine wanasema limewashika usiku kucha? Mara nyingi ni mawimbi: moja linaisha, jingine linaanza. Mwanasaikolojia wa Uingereza David Clark alieleza mwaka 1986 namna mawimbi hayo yanavyojizalisha. Mtu anasikia moyo unadunda, anautafsiri kuwa ni kifo, tafsiri hiyo inaamsha kengele upya, na moyo unazidi kudunda. Kinachorefusha shambulio ni maana anayoipa mapigo yale.

Shikilia hapo kwenye maana. Mtu haitungi peke yake saa nane usiku. Anaikuta tayari nyumbani, kwa majirani, kwenye lugha. Ndiyo maana mambo haya yana historia, hayaishii kwenye fiziolojia.

Jambo moja zaidi kabla ya kuendelea. Kuna watu wanachanganya hali hii na jinamizi. Jinamizi hutokea kwenye hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi: unaamka huwezi kujigusa, unahisi kitu kimekukalia kifuani. Shambulio la hofu la usiku hutokea kwenye usingizi usio wa ndoto, mara nyingi saa chache za mwanzo, na ukiamka mwili unaweza kuutembeza. Unaweza hata kukimbilia nje. Zote mbili zinatisha, na zote mbili zina maelezo ya kisayansi, ila si kitu kimoja.

Moyo wa askari, na mizigo ya Kilosa

Mwaka 1871 daktari wa Philadelphia, Jacob Mendes Da Costa, alichapisha uchunguzi wa askari zaidi ya 300 wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Walilalamikia moyo kwenda mbio, maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuhema kwa shida. Aliwapima, na kwa wengi hakukuta moyo ulioharibika. Aliuita moyo wenye kukasirika upesi. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja, Thomas Lewis wa Uingereza alipewa kazi ya kuwachunguza askari wenye dalili kama hizo, kwa sababu jeshi lilikuwa linapoteza watu.

Sasa leta macho kwetu. Agosti 1916, wakati Lewis anapima mioyo ya askari Uingereza, majeshi ya upande wa Uingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliteremka kutoka Mpwapwa na kuichukua Kilosa. Nyuma yao walikuwapo wapagazi, watu waliobebeshwa risasi na chakula kwa maelfu na maelfu. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Makumi ya maelfu walikufa katika vita ile, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi.

Hakuna aliyekaa na wapagazi hao kuwauliza kama usiku moyo unawaenda mbio. Askari wa Ulaya alihesabiwa kuwa na mishipa ya fahamu inayoweza kuchoka. Mpagazi alihesabiwa kuwa na mgongo. Tofauti hiyo haikuishia vitani. Iliingia kwenye mipango ya afya ya miongo iliyofuata: mwili wa Mwafrika ulitibiwa, hofu yake haikuandikwa kwenye daftari.

Treni ya Dodoma

Hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika nchi hii ni Lutindi, kwenye milima ya Usambara. Ilianza kama makao ya wamisionari wa Kijerumani kwa watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Waingereza nao walifungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927.

Tazama ramani. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa iko katikati ya Morogoro na Dodoma. Maana yake, kwa mtu wa Kilosa, hospitali ya akili ilikuwa upande wa pili wa reli ileile iliyobeba katani ya Kimamba. Na aliyepelekwa Mirembe enzi hizo hakupelekwa kwa sababu anateseka. Alipelekwa kwa sababu amewashinda wenzake: amepiga mtu, amechoma nyumba, anatembea bila nguo. Aliyekuwa analia chumbani mwake kwa hofu hakuwa tatizo la serikali.

Upande wa magonjwa ya mwili kulikuwa na hatua. Miaka ya 1920, chini ya mkurugenzi wa tiba John Shircore, serikali ya kikoloni ilianza kuwafundisha vijana wa vijijini kufunga vidonda na kugawa dawa, chini ya mamlaka za wenyeji. Ndiyo mizizi ya zahanati zetu. Kazi yao ilikuwa vidonda, buba, homa, na ilikuwa kazi ya mchana. Foleni inaanza asubuhi, inaisha, mlango unafungwa. Zahanati nyingi za vijijini mpaka leo zinafuata saa za ofisi, na usiku unategemea kama mtumishi anaishi jirani na kama unaweza kumgongea.

Usiku ulikuwa wa mganga

Je, usiku alikuwapo nani? Mganga alikuwapo. Nyumba yake haina saa za kufungua.

Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti kwa Wakaguru wa wilaya ya Kilosa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika namna walivyomweleza mchawi: mtu aliyepinduliwa, anayetembea kichwa chini miguu juu, mwili umepakwa majivu meupe, na kazi yake ni ya usiku. Soma maelezo hayo ukiwa umekumbuka mduara wa Clark. Mtu aliyekua akisikia habari hizo anashtuka saa nane kifua kimembana. Maana iko tayari imemsubiri.

Lakini tusimdhihaki mganga, maana upande wa pili wa jambo ni huu: alimpokea mtu bila kumwambia hana ugonjwa. Alikaa naye. Alimpa jina la tatizo, akawakusanya ndugu, akafanya jambo lenye mwanzo na mwisho. Kwa mtu mwenye shambulio la hofu, kukaa na mtu mtulivu anayesema anajua hiki ni nini ni nusu ya tiba. Ubaya unakuja pale jina lenyewe likiwa ni jirani aliyekuroga. Hofu ya usiku mmoja inageuka uadui wa miaka, na shambulio lijalo linakuta sababu mpya ya kuogopa. Ubaya mwingine unakuja pale ambapo kilichokuwa kifuani kilikuwa moyo kweli.

Tanzania ina kisa kimoja maarufu cha mashambulizi yaliyodumu muda mrefu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha mkoani Kagera, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Mpaka shule ilipofungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na hali hiyo ikaenea kwenye vijiji na shule nyingine. Ulimwengu unakikumbuka kama kichekesho. Madaktari Rankin na Philip walioandika ripoti mwaka 1963 waliona kitu kingine: mashambulizi ya saa kadhaa hadi siku 16, wagonjwa wasiotulia, wengine wakisema wanamwogopa mtu anayewakimbiza. Vipimo havikuonyesha sumu wala maambukizi. Kashasha haikuwa shambulio la hofu kwa maana ya leo, lilikuwa jambo la kundi. Hata hivyo linaonyesha kwamba hofu ya vijana wa Tanganyika ilikuwapo, ilikuwa na nguvu ya kufunga shule, na tulipewa habari yake kama kicheko.

Muuguzi aliyeona kabla ya daktari

Wakati huohuo, katika hospitali ya Hillside jijini New York, daktari kijana Donald Klein alikuwa anajaribu dawa mpya iitwayo imipramini kwa wagonjwa wenye hofu kali. Wiki zikapita. Mgonjwa akasema hajaona nafuu, daktari wake akasema haoni tofauti. Aliyesema amepona ni muuguzi wa wodi. Ushahidi wake ulikuwa rahisi: zamani mgonjwa yule alikuwa anakimbilia kwenye meza ya wauguzi mara kadhaa kwa siku akisema anakufa, naye anamshika mkono mpaka itulie. Sasa haji tena.

Klein aliichukua ile taarifa kwa uzito. Mwaka 1964 alichapisha hoja kwamba hofu inayolipuka ghafla ni tofauti na wasiwasi wa kila siku, maana zinajibu dawa tofauti. Mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutambua rasmi kama ugonjwa wake wenyewe. Huko ndiko jina tunalotumia leo lilikopata uhalali, kutokana na mtu aliyekuwa zamu na akahesabu.

Dawa nyingine ya enzi zile tunaifahamu zaidi: diazepam, iliyoingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium. Inatuliza haraka, ndiyo maana ilisambaa dunia nzima. Lakini inazoesha. Ukiitumia kila siku kwa wiki nyingi, mwili unaitegemea, na ukiiacha ghafla hofu inarudi kwa kishindo, hata degedege linaweza kutokea. Tahadhari hiyo haikusafiri kwa kasi ya kidonge chenyewe.

Morogoro yawa mkoa wa majaribio

Baada ya uhuru, ripoti ya kikundi cha Richard Titmuss ya mwaka 1964 ilisukuma huduma za afya zielekee vijijini, na baada ya Azimio la Arusha na mpango wa vijiji, miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya viliongezeka sana. Mwaka 1977 tiba ya kibinafsi ya kibiashara ilipigwa marufuku, mpaka iliporuhusiwa tena mwaka 1991. Kwa hiyo kwa takriban miaka 14, mtu wa Kilosa usiku alikuwa na serikali au misheni. Hii ndiyo sababu mojawapo hospitali za makanisa zimeacha alama kubwa upande huu: Berega ya Waanglikana kwenye milima ya Ukaguru, na Mtakatifu Kizito ya Wakatoliki pale Mikumi, kwenye barabara kuu inayoleta majeruhi wa ajali saa zote.

Kisha likaja jambo ambalo watu wengi wa Morogoro wenyewe hawalifahamu. Miaka ya 1980 Tanzania iliendesha mpango wa taifa wa afya ya akili kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Denmark, DANIDA. Mikoa ya majaribio ilikuwa miwili: Kilimanjaro na Morogoro. Wazo lilikuwa la mbele sana kwa wakati wake. Badala ya kumsafirisha mgonjwa Mirembe, mfundishe mtumishi wa zahanati, mpe dawa chache za msingi, mpe muuguzi wa akili wa wilaya na mkoa wa kumsaidia. Ripoti ya mpango huo, ya Schulsinger na Jablensky, ilichapishwa mwaka 1991.

Utafiti wa wakati uleule ulishaonyesha kwa nini wazo hili lina mantiki. Mwaka 1980 T. W. Harding na wenzake walichapisha matokeo kutoka vituo vya afya vya Kolombia, India, Sudan na Ufilipino: karibu asilimia 14 ya wagonjwa wazima waliofika na malalamiko ya kawaida walikuwa na tatizo la akili. Wengi walikuja na kichwa, tumbo, moyo kwenda mbio.

Mpango wa Morogoro uliwasogezea huduma wengi waliokuwa hawana chochote, hasa wenye ugonjwa mkubwa wa akili na wenye kifafa. Kifafa mkoani humu kilikuwa na historia yake tayari, maana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alikuwa ameanzisha kliniki kule Mahenge. Mwenye hofu ya usiku, hata hivyo, alibaki pembeni. Hafiki zahanati akiwa kwenye shambulio, kwa sababu shambulio ni usiku. Akifika asubuhi, mapigo ni ya kawaida. Anaandikiwa dawa ya malaria au ya maumivu, anarudi nyumbani.

Alikokwenda baadaye tunajua kwa takwimu. Mwaka 2003 Mdoe Ngoma, Martin Prince na Anthony Mann walichapisha utafiti wa Dar es Salaam. Waliwapima watu waliokwenda kwenye vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Matatizo ya kawaida ya akili, yaani wasiwasi na sonona, yalikutwa kwa asilimia 24 ya watu wa vituoni na asilimia 48 ya watu wa kwa waganga. Mara mbili. Watu walikuwa wameshajigawa wenyewe, wakaenda kule walikosikilizwa.

Hapo ndipo ninapoona kosa la muda mrefu la mipango yetu. Tumesema watu wa vijijini wanakwenda kwa mganga kwa sababu hawana elimu. Historia inasema wanakwenda pia kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Na Kilosa ina sababu zake za kuogopa usiku. Desemba 2000, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliwaondoa maelfu ya watu kwenye nyumba zao, wakahamia kwenye mahema. Baada ya matukio kama hayo tunahesabu waliokufa, tunahesabu nyumba na mahindi. Anayeendelea kuruka kitandani kila mvua ikinyesha, miaka mitano baadaye, haingii kwenye hesabu.

Simu, bodaboda na namba tatu

Mabadiliko makubwa ya usiku wa vijijini hayakutoka hospitali, yalitoka kwenye simu na pikipiki. Zamani ulimgongea muuguzi dirishani, sasa unampigia. Zamani ulibeba mgonjwa kwa machela, sasa unamwita kijana wa bodaboda.

Mfano wa kile kinachowezekana ni m-mama. Ulianza kwa majaribio kanda ya ziwa, na Aprili 2022 ukazinduliwa kwa nchi nzima. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata dharura, unapiga 115 bure, na kama hakuna gari la wagonjwa karibu, anatumwa dereva wa mtaani aliyesajiliwa na atakayelipwa. Mfumo huo si wa mwenye hofu. Lakini unathibitisha kwamba usiku wa kijijini unaweza kupangwa, kwa madereva haohao na simu hizihizi, pale nchi inapoamua kwamba mgonjwa fulani ana thamani ya kupangiwa. Wizara ya Afya nayo ina namba ya bure ya kuuliza ushauri, 199.

Sheria imesogea pia. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni iliyozungumzia magonjwa ya akili kwa macho ya polisi na mahakama. Bado umbali ni mkubwa kutoka sheria mpaka meza ya muuguzi wa zamu.

Ikitokea usiku huu

*Kwanza, usikubali jibu la hofu kabla ya kuondoa hatari.* Nenda hospitali au kituo cha afya chenye huduma ya saa 24, usisubiri asubuhi, kama kuna mojawapo kati ya haya:

- maumivu ya kifua yanayobana na kwenda begani, mkononi au tayani, hasa kwa mwenye presha, kisukari au umri mkubwa;
- kuzimia, kuchanganyikiwa, udhaifu wa upande mmoja, mdomo kupinda;
- homa, pumzi yenye kufoka kama ya pumu, au midomo kuwa ya bluu;
- ujauzito, au kujifungua hivi karibuni;
- mwenye kisukari anayetumia dawa, maana sukari ikishuka inafanana sana na hofu;
- aliyeacha pombe ghafla baada ya kunywa kwa muda mrefu;
- mawazo ya kujiua;
- ni mara ya kwanza kabisa maishani na hamjui ni nini.

Mkumbuke pia dawa. Mefloquine ya kuzuia malaria, ambayo watalii wengine wa Mikumi huja nayo, inaweza kuleta hofu kali. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo la juu kabisa. Mtaje mhudumu kila dawa inayotumika, hata ya miti.

*Pili, kama ameshapimwa huko nyuma na hali hii inajulikana,* akae, miguu iguse chini. Apumue kwa pua, taratibu, akihesabu nne kuingiza na sita kutoa. Kutoa ndiko kuwe kurefu. Asijipime mapigo kila dakika. Ajiambie kwamba hili ni wimbi, litashuka kama la jana lilivyoshuka. Wimbi la pili likija halimaanishi amezidiwa.

*Tatu, wa kukaa naye awe mmoja au wawili.* Sauti ya chini, maneno machache. Umati mlangoni, kelele za maombi sikioni na kumshikilia kwa nguvu vinaipa kengele sababu ya kuendelea kulia. Mfuko wa kupumulia usoni usitumike. Ushauri huo wa zamani uliachwa baada ya kuonekana, kufikia mwaka 1989, kwamba waliodhaniwa wana hofu kumbe wana ugonjwa wa moyo au mapafu wanaweza kufa nao. Pombe hapana, na kidonge cha usingizi cha jirani hapana.

*Nne, ukifika kwa mhudumu, usiseme tu "presha".* Sema imeanza saa ngapi, imedumu muda gani, imewahi kutokea mara ngapi. Omba apimwe mapigo, presha, sukari, malaria na wingi wa damu, na kipimo cha moyo kama kipo. Vikiwa vizuri, usiondoke na neno "huna kitu". Uliza: kliniki ya afya ya akili ni siku gani? Tiba ya mazungumzo inayofundisha kuuvunja ule mduara inafanya kazi, na dawa zisizozoesha zipo, ingawa zinachukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu.

*Tano, usiku hupangwa mchana.* Leo jua likiwaka, ulizia ni kituo gani karibu yako kina muuguzi wa zamu usiku. Andika namba yake ukutani, pamoja na ya dereva mnayemwamini na ya mwenyekiti wa kitongoji. Wa Mikumi mkumbuke kwamba njia ya kwenda Morogoro inapita hifadhini kilomita karibu 50, na wanyama wanavuka gizani. Safari hiyo ni ya gari, si ya bodaboda saa nane usiku.

Na kwa wasomaji wetu mnaosoma uuguzi na utabibu, ambao mwakani mtapangwa vituo vya Ulaya, Kidodi, Gairo au Dumila: atakuja mtu usiku akisema anakufa, na vipimo vitakuwa vizuri. Mwandike kwenye daftari. Weka saa aliyofika na saa aliyotulia, na akirudi, andika tena. Klein asingejua chochote kama muuguzi yule asingehesabu.